Tusiwaachishe wasichana mbio wanapovunja ungo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo linaloniumiza kila mwaka baada ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini, nalo ni jinsi wasichana hodari wa mbio ndefu wanavyopotea viwanjani mara tu wanapoingia sekondari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Karatu, na kwa miaka mingi nimesimamia mchakamchaka wa asubuhi. Atakayesimama kando ya barabara yetu saa kumi na mbili na nusu atawaona wasichana wa darasa la tano na la sita wakiwa mbele ya kundi, ndala wamezishika mkononi zisikatike, wanaimba huku wakipanda mlima. Pumzi wanayo tayari, kwa kuwa shuleni huja kwa miguu na jioni huchota maji. Miaka miwili baadaye ukiwauliza, wengi wameacha. Mmoja aliniambia kuwa mama yake mkubwa alimkanya kwamba mbio zitamharibia kizazi. Mwingine alichoka kuzomewa na vijana wa kijiweni kila alipovaa bukta. Wa tatu, ambaye sitamsahau, aliacha kwa kukosa taulo za kike na sidiria ya kumbana vizuri, akaona haya kumweleza kocha mwanamume.

Hofu ya kizazi nisingependa tuwabebeshe bibi zetu peke yao. Wanawake walipokimbia mita 800 katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, magazeti ya Ulaya na Marekani yalidai kwamba waliishiwa nguvu na kuanguka, na mbio hizo zikaondolewa kwa wanawake hadi Roma mwaka 1960. Marathoni ya wanawake haikuingia Olimpiki hadi mwaka 1984. Waliokimbia wakati wote huo waliolewa na kuzaa kama wengine. Kinachoweza kuvuruga hedhi ya msichana ni mazoezi mazito asiyoyalia chakula cha kutosha, na hapo anahitaji uji, maharage, maziwa na mapumziko, na hali ikiendelea apelekwe kituo cha afya. Kumkataza kukimbia hakumtibu.

Hapa Karatu kila mvulana husimuliwa habari za Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, na ni haki yake. Wasichana nao wana wa kusimuliwa. Septemba 2023 Mtanzania mwenzao, Magdalena Shauri, alimaliza wa tatu katika Marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41. Niliuandika muda huo ubaoni, tukaugawa kwa kilomita 42.195, tukapata takriban dakika 3 na sekunde 17 kwa kila kilomita. Darasa lilinyamaza. Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono, na wala hakuuliza habari za fedha au medali. Aliuliza, "Mwalimu, nyumbani kwao walimruhusu?"

Swali hilo linatuhusu sisi watu wazima. Mzazi anayeona bukta haifai amwachie binti yake avae taiti au suruali ndefu ya michezo, maana mavazi yanazungumzika. Wakuu wa sekondari wasikigeuze kipindi cha michezo kuwa cha marudio ya mitihani, na kila timu yenye wasichana iwe na mwalimu wa kike wa kuwalea, hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kukimbia. Wasichana wakimbie kwa kundi, katika njia inayojulikana, kukiwa kumepambazuka. Raba ni ghali, nakiri, lakini jozi moja ya mtumba iliyo nzima inamtosha anayeanza, na naamini kamati za shule na wafanyabiashara wa mjini wakiombwa hawatashindwa.

Darasa la saba ninao wasichana wanne ambao hawajawahi kuachwa na wavulana katika mbio za nyika. Januari, wakijaliwa kuingia kidato cha kwanza, nitafuatana nao mimi mwenyewe hadi huko watakakopangiwa, nimwone mwalimu wa michezo na kumkabidhi daftari la muda wao. Nawaomba walimu wenzangu wa shule za msingi wafanye vivyo hivyo, na wale wa sekondari watupokee.

Mwalimu wa michezo,
Karatu