Barua kwa Shaweji: bahari ndani ya kioo

Hamburg, Januari

Mdogo wangu Shaweji,

Asalaam alaykum. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi imekaza. Mpe Mama shikamoo yangu, na Babu pia. Umsomee Babu barua hii taratibu, maana kuna mahali nitamhitaji.

Umeniuliza habari za lile tangi langu la kioo la samaki na matumbawe uliloliona kwenye picha, na kama nawe unaweza kutengeneza lako hapo Mikindani kwa kuwa bahari tunayo mlangoni. Swali lako limenifurahisha mno. Unaweza. Ila nataka uelewe kwanza kinachoendelea ndani ya kile kioo.

Langu ni dogo, lita 60 tu. Tangi dogo ndilo gumu zaidi kulitunza: maji yakiwa machache, joto, chumvi na uchafu hubadilika upesi, na viumbe wa mwambani hawapendi mabadiliko ya ghafla. Huku bahari naitengeneza mwenyewe. Maji ya bomba nayapitisha kwenye chujio la utando mwembamba sana linaloondoa karibu kila kilichoyeyuka ndani yake, maana shaba hata kidogo huua kamba na konokono. Kisha natia chumvi maalumu yenye madini ya baharini, gramu 35 hivi kwa lita. Chumvi ya kupikia haifai kabisa. Kila siku maji hupungua kwa kugeuka mvuke, lakini chumvi inabaki, kwa hiyo pengo nalijazia maji matamu. Ukijazia ya chumvi, tangi litazidi kukolea siku hadi siku mpaka viumbe wafe.

Baada ya hapo ni kungoja, na hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni mbaya, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia. Bakteria hao wanakaa kwenye mawe na mchanga, na huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Muda wote huo tangi lina maji, mawe na pampu tu, hakuna cha kumwonyesha mgeni. Unaweka chakula kidogo kioze, unapima amonia na nitriti mpaka zote zisome sifuri. Samaki akiingia kabla ya hapo, umemtia kwenye sumu.

Sasa matumbawe. Hebu mwite Babu akae karibu.

Tumbawe ni mnyama, tena ni wanyama wengi wadogo walioungana, kila mmoja na mdomo wake. Ndani ya nyama yao wanaishi vijimea visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyotumia mwanga kutengeneza chakula wanachogawana na mwenyeji wao. Ndiyo maana taa yangu ni kali na ina rangi ya buluu, kama mwanga unaofika chini ya maji. Ndiyo maana pia pampu hazizimwi: tumbawe halitembei, lazima maji yaliletee chakula na kuliondolea uchafu. Kwetu kazi hiyo inafanywa na kupwa na kujaa, na ule mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, ukafika Afrika karibu na Mtwara, ukagawanyika, tawi moja likipanda kaskazini kufuata pwani yetu.

Halafu mifupa yake. Tumbawe linavuta kalsiamu kutoka majini na kujijengea jiwe. Maji ya bahari yana miligramu 400 na kidogo za kalsiamu kwa lita, na ndani ya tangi hupungua kadiri matumbawe yanavyokua, kwa hiyo lazima niirudishe. Njia mojawapo ya zamani, na ndiyo ninayoitumia, ni maji ya chokaa! Unakoroga chokaa safi iliyozimwa kwenye maji matamu, unaacha itulie, unachukua yale maji maangavu ya juu na kuyadondosha tone kwa tone usiku. Yakiingia kwa kasi yanaua, kwa kuwa ni makali.

Chokaa, Shaweji. Kile kile walichokichoma wazee kwenye matanuri ili kuzijenga nyumba za mawe za Mikindani, na malighafi yao ilikuwa matumbawe. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Jiwe linalomfika mtu kifuani limechukua miaka mia na zaidi, na tanuri linalimaliza kwa siku chache. Mimi nahangaika na matone ili vipande vyangu viongezeke upana wa ukucha, na ndiyo maana moyo unaniuma nikikumbuka marundo yale ya matumbawe ufukweni.

Samaki nimeweka wawili tu, wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe. Hawakuvuliwa, wamezaliwa kwenye matangi. Wote huzaliwa madume, mkubwa wao hugeuka jike, na jike akifa, dume lake hugeuka jike. Babu akibisha, mwambie ni kweli kabisa.

Turudi kwako. Maji unayo bure, lakini yachote yakiwa yamejaa, mbali na bandari, na si baada ya mvua kubwa. Yachuje kwa kitambaa safi. Mawe waombe waashi yale ya chokaa yachimbwayo nchi kavu, yasiyogusana na saruji, uyaoshe vizuri. Tatizo lako si baridi kama langu, ni joto. Nalenga nyuzi 25 au 26. Bahari ikizidi kiwango chake cha juu cha kawaida kwa nyuzi moja tu, majuma kadhaa mfululizo, matumbawe huvitema vijimea vyake na kupauka. Feni inayopuliza juu ya maji huyapoza kwa nyuzi chache, lakini yatapungua haraka, basi uwe na maji matamu tayari. Umeme ukikatika, uwe na pampu ndogo ya hewa ya betri.

Anza na mawe, mchanga, konokono na kaa wadogo. Matumbawe usiyang'oe mwambani, hata kipande. Kule Msimbati ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ni marufuku. Kwetu Mikindani hata kama hakuna askari anayekuona, nakuomba mimi dada yako. Tangi la mawe na kaa linapendeza vya kutosha, na litakufundisha kupima na kusubiri.

Babu nina maswali kwake. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa. Yeye alikuwa bado anatega madema. Aliona weupe huo? Sehemu zipi zilirudi na zipi hazikurudi? Na yale yanayobaki nje ya maji juani wakati wa bamvua, ni ya umbo gani? Andika anavyosema, kwa maneno yake.

Kuna mtu wa Lindi anarudi nyumbani baada ya Ramadhani. Nitampa kipimajoto, kipima chumvi na vipimo vya amonia na nitriti. Usinunue kioo mpaka vikufikie. Kwa sasa jaza ndoo maji ya bahari, iweke chumba cha nyuma, na uazime kipimajoto ujue saa nane mchana maji yanafika nyuzi ngapi. Nitumie jibu.

Dada yako,
Zuhura