Tuandikieni na sisi wenye kompyuta za mtumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonisumbua kwa zaidi ya mwaka mmoja: kupata programu ya ofisi ya bure na halali kwa kompyuta ya zamani. Naamini wapo makatibu wa vikundi, walimu na wenye steshenari ndogo wanaosumbuka nalo kama mimi.

Mimi ni mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Soni, wilayani Lushoto. Tuko wanachama 28, wengi wetu tunaishi kwa kuuza mboga na matunda. Kumbukumbu zetu za hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii zimo kwenye kompyuta mpakato ya Dell, Latitude E6400, aliyoninunulia mwanangu Kariakoo. Ni mashine ya toleo la mwaka 2008, ilikwisha kutumika Ujerumani kabla ya kuletwa huku, na hata kibodi yake ni ya huko: Z na Y zimebadilishana mahali. Ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 na Windows 7, na betri yake haikai dakika kumi. Ila mpaka leo inawaka, na mimi nimeizoea.

Ilikuja na Microsoft Office iliyowekwa kiholela, bila leseni. Sikujua. Baada ya miezi michache mstari wa juu ukawa mwekundu, kisha ikakataa kuandika chochote. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akazima programu ya kuzuia virusi, akachomeka flashi yake, akaendesha kifaili kidogo, akaniambia tayari, Sh10,000. Hazikupita wiki mbili, kila faili la kikundi kwenye flashi yangu likageuka njia ya mkato (shortcut). Unabofya, hakifunguki kitu. Zilikuwa zimebaki siku tisa tufike mgawo wa mwisho wa mwaka.

Mimi na mweka hazina tulikesha siku tatu tukiandika upya kila kitu kutoka kwenye daftari lake. Siku ya mgawo, mama mmoja alisimama akauliza hisa zake za Machi ziko wapi, maana kwenye karatasi niliyochapisha hazikuwepo. Sikuwa na jibu. Tulifunua daftari mbele ya watu wote mpaka tukaukuta ukurasa wake, na zilikuwepo: hisa tano, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Alikuwa na haki kabisa ya kuuliza. Fedha ile ni ada ya mtoto wake.

Tangu siku hiyo nikaapa kutotumia tena programu ya wizi kwa kazi ya watu. Nikaanza kutafuta ya bure iliyo halali, itakayokubali mashine hii. Nilichukua mafaili matatu ya kweli: kitabu cha hisa chenye fomula, muhtasari wa kikao wenye jedwali la mahudhurio, na barua yetu kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Kila programu niliijaribu kwa mafaili hayo hayo, na namshauri kila mtu afanye hivyo. Usichague kwa sifa za watu, chagua kwa kazi yako mwenyewe.

Huduma ya Google ya kuandikia mtandaoni ni nzuri, lakini inataka bando kila siku, na kivinjari cha Chrome kiliacha kupata matoleo mapya kwa Windows 7 tangu mwaka 2023. WPS, programu ya ofisi inayofanana na ya Microsoft, hufungua mafaili ya Word vizuri, ila toleo lake la bure lina matangazo. AbiWord ni nyepesi sana, na anayeandika barua tupu inamtosha. Jedwali langu la mahudhurio lilivurugika. OpenOffice inafungua mafaili ya docx (muundo wa kawaida wa Word wa sasa) lakini haiwezi kuhifadhi kwa docx, kwa hiyo ukirudisha barua ofisini unairudisha kwa muundo wa zamani au muundo mwingine kabisa. FreeOffice ya kampuni ya SoftMaker ni nyepesi na inahifadhi docx, anayeipenda simkatazi.

Mimi nimebaki na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure yenye sehemu ya kuandikia na ya majedwali. Inachukua kama nusu dakika kufunguka asubuhi, baada ya hapo inakwenda. Kitabu cha hisa kilifunguka na fomula zake zote, na jumla zilifanana na za daftari. Sihitaji bando nikiwa kazini. Na kubwa zaidi kwangu, leseni yake inaruhusu kumpa mwenzako. Nimeiweka kwenye flashi safi, nimewasakinishia walimu wanne wa shule niliyofundisha, na hakuna niliyemwibia.

Kuna mambo niliyajua kwa kuumia, nayasema ili mwingine asipoteze bando lake kama mimi. Faili la kusakinishia lina zaidi ya MB 300. Yapo ya aina mbili, la Windows ya biti 64 na la biti 32. Mara ya kwanza nilipakua la biti 64, mashine ikalikataa, kumbe Windows yangu ni ya biti 32. Kabla ya kupakua, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Computer, ingia Properties, usome palipoandikwa System type. Jambo la pili ni toleo. LibreOffice 25.8, iliyotoka Agosti 2025, haikubali tena Windows 7 wala 8, ya 25.2 ndiyo ya mwisho kuzikubali, na matoleo ya zamani bado yapo kwenye tovuti ya mradi wenyewe. Yachukueni huko, si kwa mtu.

Wakati wa kusakinisha, chagueni Custom, mshuke mpaka kwenye kamusi, mtaona Kiswahili kipo. Nilipokuwa sijaiweka, muhtasari mzima wa kikao ulikuwa na mistari myekundu chini ya kila neno, hata "mwenyekiti". Nilipoiweka na kuchagua lugha, ilibaki mistari michache, na mmoja ulikuwa kosa langu la kweli: niliandika "marejehso". Sisi wenye kibodi za Kijerumani tunaihitaji zaidi. Nimefurahi pia kujua kwamba wasomi wetu waliianza kazi hii zamani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwenye OpenOffice hiyo hiyo. Iweje miaka zaidi ya 20 baadaye mwalimu wa Lushoto anaisikia kwa mara ya kwanza?

Kwa wenye betri zilizokufa kama yangu: LibreOffice hutunza nakala ya kujiokoa kila baada ya dakika 10. Mimi nimeipunguza hadi dakika 2, kwenye Tools, Options, Load/Save. Umeme wetu ukikatika, mashine inazimika hapo hapo. Juzi ulikatika nikiwa nimeingiza marejesho ya watu 19. Uliporudi nilikuta 18. Niliandika upya jina moja tu.

Haina maana kila kitu ni laini. Ofisi moja ilitutumia fomu iliyoandikwa kwa fonti ya Aptos, ambayo Microsoft waliifanya ya kawaida kuanzia mwaka 2023. Mashine za zamani hazina fonti hiyo, kwa hiyo kompyuta inaweka nyingine yenye herufi za upana tofauti. Fomu ya ukurasa mmoja ikawa kurasa mbili, na mahali pa sahihi ya mwenyekiti pakabaki peke yake ukurasa wa pili. Kwenye steshenari tunalipa Sh500 kwa kila ukurasa, na tulihitaji nakala tisa. Nawaomba maofisa, kwa heshima zote: fomu ya kujaza kwa kalamu itumeni kwa PDF. Inafunguka sawa kwenu na kwetu.

Najua pia kwamba Windows 7 haipati marekebisho ya usalama tangu Januari 2020, ndiyo maana sifanyi miamala ya fedha kwenye mashine hii na siiunganishi na mtandao ovyo. Kijana mmoja amenishauri nihamie Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao unakuja na LibreOffice ikiwa ndani tayari, na niongeze RAM iwe GB 4. Nitafanya hivyo baada ya mzunguko huu wa hisa kuisha, si katikati.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Kurasa zenu za teknolojia nazisoma kila wiki, na zimejaa simu mpya ambazo bei yake ni mtaji wa kikundi chetu kizima. Tengeni hata nusu ukurasa kwa mwezi kwa ajili ya kompyuta za mtumba. Mtuonyeshe kwa picha, hatua kwa hatua, jinsi ya kujua biti za mashine, mahali halali pa kupakulia programu, na jinsi ya kutunza nakala ya pili ya kitabu cha kikundi. Mkihitaji mtu wa kuanza naye, Dell yangu ipo, na mweka hazina ameshakubali daftari lake lipigwe picha.

Mwalimu mstaafu,
Soni, Lushoto, Tanga