Kaka anataka kuninunulia nyumba, nami naishi kwa benefiti

Ndugu mshauri, assalaam aleykum, na salamu kwa wasomaji wote.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Bradford, kaskazini mwa Uingereza, na mwanangu wa kiume mwenye miaka 9. Ana usonji. Baba yake tuliachana zamani na malezi yote yako juu yangu, kwa hiyo kazi ninayoiweza ni ya saa chache tu, kuhudumia wazee majumbani wakati mtoto yuko shule. Kinachopungua kinajazwa na Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, pamoja na DLA, ile posho ya mtoto mwenye ulemavu. Pesa hizi ndizo zilizotulisha na kutulipia kodi, na ninaziheshimu. Nalisema mapema ili mnielewe huko mbele.

Mwenye nyumba amekuja kuniambia kuwa umri umekwenda, anauza nyumba zake. Hii tunayokaa anaitaka pauni 85,000, na amenipa nafasi mimi kwanza kabla hajaipeleka kwa madalali. Ni nyumba ndogo iliyobanana na za majirani, vyumba viwili juu, sebule na jiko chini. Mwanangu akirudi shule hupitisha kiganja kwenye kipasha joto cha ukutani, kutoka mlangoni mpaka mwisho wake, ndipo avue viatu, ndipo akubali kula. Asipofanya hivyo jioni nzima imeharibika. Tulipohama nyumba ya mwanzo alikaa karibu mwaka hali vizuri wala halali, akiniuliza tutarudi lini. Sitaki kumpitisha tena huko kama kuna njia.

Kaka yangu mkubwa yuko Muscat, ana biashara yake, na Mungu kamjaalia. Nilipompigia simu hakusita: "Ichukue hiyo nyumba, mdogo wangu. Mimi nipo." Yeye atatoa pauni 72,000. Pauni 13,000 zilizobaki ni haki yangu mwenyewe. Baba yetu alifariki, Mungu amrehemu, na nyumba yake ya mtaa wa Ng'ambo, huko Unguja mjini, imepata mnunuzi. Mama atapewa thumni yake, kaka zangu wawili mafungu mawili mawili, na mimi fungu langu moja. Habari za urithi huu nilishaziandika kwenye akaunti yangu ya Universal Credit tangu mwanzo. Nyumba tungeinunua taslimu, bila mkopo wala riba, jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa.

Sasa shida. Universal Credit wanaangalia akiba ya mtu. Chini ya pauni 6,000 hawakugusi. Kuanzia hapo mpaka 16,000, kila pauni 250, au sehemu yake, wanaihesabu kama kipato cha pauni 4.35 kwa mwezi na kukukata. Kwa hiyo urithi wangu wa 13,000 ukikaa tu benki, hata kama sina senti nyingine, nakatwa pauni 121.80 kila mwezi. Ukivuka 16,000 hupati kitu. Halafu nyumba ukishainunua na kuishi humo mwenyewe, hiyo haihesabiwi kuwa akiba. Sehemu ya kodi ya nyumba itakoma, na ni haki ikome, lakini sehemu yangu, ya mtoto na ya matunzo zinaweza kuendelea. DLA haiangalii akiba kabisa. Mwanzo na mwisho sina hofu navyo. Kinachonikosesha usingizi ni hapo katikati: pesa zikiingia kwenye akaunti yangu leo, na uuzaji wa nyumba huku ukachukua miezi, tutakula nini wakati huo? Nasikia kuna hali ambazo pesa ya kununulia makazi huachwa isihesabiwe kwa miezi 6, ila sijajua kama zawadi ya ndugu imo. Na je, kaka akizituma moja kwa moja kwenye akaunti ya wateja ya wakili, bila kupita kwangu, zinahesabiwa zangu au bado zake?

Ushauri wa mitaani ninao tele. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, ameniambia zigawiwe kidogo kidogo kwenye akaunti za binamu zangu halafu zikusanywe siku ya kulipa. Nimekataa. Ni udanganyifu, na siku ikijulikana watakaodaiwa ni pamoja na hao binamu. Kaka naye alisema nimwachie fungu langu la mirathi, aseme zote ni zake. Nimemweleza kuwa ukijitoa kwenye mali yako kwa makusudi ili upate benefiti, wanakuhesabu kama bado unayo. Hilo alilikubali.

Lililobaki kati yangu na kaka ni zito zaidi ya sheria. Wakili anataka kujua pesa zimetoka wapi, na anataka barua ya kaka inayosema kwamba zile 72,000 ni zawadi, si deni, na kwamba hana dai lolote katika nyumba. Kaka kakasirika. "Sisi tumetoka tumbo moja, leo tuandikishane kama watu waliokutana sokoni?" Mimi nilidhani ni uchungu tu wa kuombwa karatasi. Juzi mama kanipigia, akaniambia kwa sauti ya chini kuwa kaka na wifi wameshazungumza: mtoto akishakuwa mtu mzima, nyumba irudi kwao.

Simlaumu. Ni jasho lake, na ana watoto wanne wa kusomesha. Lakini kama ni ya kurudi, basi si zawadi, na mimi siwezi kumpa wakili karatasi inayosema kitu ambacho nyumbani kwetu kila mtu anajua si kweli. Na mwanangu akifika miaka 18 usonji wake hautakuwa umeondoka. Hapo ndipo atakapozihitaji kuta anazozijua.

Kaka anapendekeza basi ainunue kwa jina lake, mimi niwe mpangaji wake. Wakili amemhesabia: kwa kuwa ana nyumba nyingine huko Omani, na haishi Uingereza, ataongezewa kodi ya serikali ya asilimia 5 na nyingine asilimia 2. Kwa nyumba ya 85,000 ni pauni 5,950 za kutupa. Tena Universal Credit wakiona upangaji wa ndugu kwa ndugu umetengenezwa ili walipe wao, wana haki ya kuukataa. Na jingine ambalo nimeshindwa kumtamkia kaka yangu kwa mdomo: akitangulia mbele ya haki, nyumba itakuwa ya warithi wake, na sisi tutakuwa wapangaji wa wifi.

Mimi nafikiria njia ya tatu, kwamba jina la kila mmoja wetu liandikwe kwa kiasi alichotoa, pamoja na hati inayosema mimi na mwanangu tunaruhusiwa kuishi humo maisha yetu. Paa likivuja, nani analitengeneza, nalo liandikwe. Je, kaka ataongezewa kodi ileile hata akiwa mshirika tu? Na benefiti zangu zitaguswa na fungu langu?

Naomba wenye uzoefu wanisaidie, hasa mliowahi kununua nyumba Uingereza kwa msaada wa ndugu mkiwa kwenye Universal Credit. Mlitangulia kwa nani: washauri wa bure wa Citizens Advice, wakili, au mlianza kuwaandikia Universal Credit wenyewe? Na kwa wazee wetu mnaosoma: nimwambieje kaka yangu mkubwa, aliyenisomesha baada ya baba kuugua, kwamba nataka tuandikiane, bila yeye kuona nimemvunjia heshima? Nimshirikishe mjomba awe kati yetu, au niende mwenyewe?

Mwenye nyumba anasubiri jibu kabla shule hazijafungwa.

Wenu dada,
Bradford