Barua ya wazi kwa makomisionere wa Lubumbashi: habari ya parseli isilale mfukoni

Ndugu zangu, mama zetu, na ninyi vijana mlioingia kazini juzi,

Nawaandikia makomisionere, yaani madalali wa nyumba na parseli (viwanja), wote mnaotembeza wapangaji na wanunuzi kutoka Kamalondo hadi Kasapa, kutoka Katuba hadi Rwashi, wenye kadi ya chama na wale mnaosema chama hakiwaletei kitu. Hao wa mwisho ndio nawalenga zaidi. Chama cha makomisionere hakina shamba, hakina duka wala mashine. Mali yake ni habari ambazo wanachama wanapeana, na habari hizo leo kila mtu anazibana kwake. Tunatoa mchango, tunasikiliza ripoti ya mweka hazina, tunaachana. Kesho yake parseli moja ya Kisanga inatembezwa na makomisionere watatu kwa wateja watatu, kila mmoja ana karatasi yake, na hakuna anayejua kwamba mwenzake ameonyeshwa karatasi nyingine ya parseli ileile.

Kuuza parseli mara mbili kunaanzia hapo. Muuzaji mwenye nia mbaya anatafuta tu makomisionere wasiosemezana. Mmoja anampa fishi ya parseli, karatasi ya kuonyesha anajulikana pale, wa pili livreti ya zamani, kile kitabu kidogo cha mwenye nyumba, wa tatu fotokopi ya sartifika, hati ya kusajili haki ya ardhi, yenye jina la marehemu. Na sisi tunaficha kwa hofu ya kunyang'anywa komisheni. Hofu hiyo ina sababu, na nitaifikia, maana bila kuitibu hakuna atakayefungua mdomo.

Kwanza rejista. Nunueni daftari kubwa lenye kurasa za namba, likae kwa katibu, na kila jioni wajumbe wawili wa kamati wapige picha ukurasa wa siku hiyo. Kila parseli iliyokabidhiwa mwanachama kwa kuuzwa iandikwe siku hiyohiyo: tarehe na saa, komuni (wilaya ya mji), kartye (mtaa), avenyu na namba, namba ya kadastre (ofisi ya kupima ardhi) kama ipo, aina ya karatasi iliyoonekana, jina lililoandikwa juu ya karatasi, jina la anayeuza, uhusiano wake na jina lile, na komisionere aliyeipokea. Namba ya kadastre msiiache, kwa sababu avenyu zinabadilishwa majina, na jina moja la avenyu linaweza kuwa katika komuni mbili. Saa nayo msiiache, ndiyo itakayoamua ugomvi wa nani alitangulia.

Safu ambayo wengi wataiacha wazi ni ile ya uhusiano. Nawaomba muipe uzito kuliko zote. Jina la kwenye karatasi likiwa la mtu aliyekufa, anayeuza ni mrithi, na mrithi mmoja hana ruhusa ya kuuza peke yake mali ya wote. Katika Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 15 Julai 2016, watoto wa marehemu ndio warithi wa kundi la kwanza na wanapata robo tatu ya urithi. Kwa hiyo kijana anayekuja na sartifika ya baba yake, hata akiwa mkubwa wa wote, aulizwe: wadogo zako wako wapi, na nani amewekwa kugawa urithi? Asipokuwa na majibu kwa maandishi, andikeni hivyo katika safu, na parseli isitembezwe.

Jina likiwa la mtu aliye hai na mwenye ndoa, ulizeni mke au mume. Kanuni hiyohiyo inataka wote wawili wakubali kabla haki ya ardhi haijahamishwa, ndoa iwe ya mali ya pamoja au ya mali zilizotengwa. Swali la "mama yuko wapi?" linaulizwa siku ya kwanza, mbele ya geti. Likiulizwa baada ya mnunuzi kutoa avansi, mama akitokea Likasi na kukataa, pesa imeshaliwa na atakayeitwa polisi kwanza ni komisionere.

Kuhusu karatasi zenyewe, vijana wengi mnawaambia wateja "iko na dokima" na mnaishia hapo. Dokima gani? Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Kinachouzwa ni haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na sartifika ya konservatere wa hati za ardhi. Fishi ya parseli inaonyesha kwamba mtu anajulikana pale, haimpi sartifika. Mkataba wa lokasioni, yaani wa kupanga ardhi kwa Serikali, wa miaka 3 ni wa muda, ili mtu ajenge kwanza. Andikeni aina ya karatasi kwa jina lake kamili. Kabla ya pesa yoyote, mjumbe mmoja aende na muuzaji ofisi ya konservatere kuulizia volumu na folio, yaani namba ya kitabu na ya ukurasa, zilizo kwenye sartifika. Lubumbashi ina upande wa Mashariki na wa Magharibi: jueni parseli iko upande gani, msije mkapoteza siku nzima kwenye dirisha lisilo lake.

Sasa namna ya kutoa habari. Hapa nawasihi muwe na adabu, maana ulimi wa komisionere unaweza kumchafua mtu asiye na kosa. Mkiona karatasi mbili za namba moja, andikeni hivi kwenye kundi la chama: "Kwa parseli hii zimeonekana karatasi mbili zenye majina tofauti. Msipokee pesa mpaka konservatere ajibu." Inatosha. Msiandike kwamba fulani ni mwizi. Kwanza, kumtangazia mtu jambo la kumharibia jina ni kosa mbele ya sheria ya jinai. Pili, mara nyingine huyo mnayemshuku ndiye mwenye haki, na tapeli ni ndugu yake aliyechonga karatasi ya pili. Konservatere akisha kujibu, jibu liwekwe palepale tangazo lilipowekwa, kwa uzito uleule. Na msitupe kwenye kundi picha ya sartifika nzima. Jina, volumu, folio, muhuri na saini vikionekana pamoja, mmemrahisishia kazi mchonga karatasi. Funikeni volumu na folio kwa kidole kabla ya kupiga picha.

Kundi lenyewe ligawanywe. Leo tangazo la nyumba ya Bel-Air linazama katikati ya pole za msiba, sala za asubuhi na picha za harusi. Mambo hayo ni mema na yapewe kundi lake. Kundi la kazi lichukue habari za kazi tu, na kila Ijumaa jioni aliyeleta nyumba aseme kama bado ipo au imetoka. Mpangaji anayepelekwa kuona nyumba ambayo watu walishaingia wiki iliyopita hatasema komisionere fulani kamdanganya. Atasema makomisionere ni waongo.

Nyumba za kupanga nazo ziandikwe, kwa safu chache. Mita ya Snel, ya umeme, ni ya nyumba hiyo peke yake au inagawanywa na familia nyingine za uwanjani? Maji ni ya Regideso (shirika la maji), ya forage (kisima kilichochimbwa kwa mashine) au ya kisima cha kawaida? Kuna deni lolote? Familia ngapi zinatumia geti na choo? Mambo hayo manne yakisemwa kabla ya viziti, yaani kwenda kuiona nyumba, magomvi mengi hayatafika kwa kamati.

Narudi kwenye hofu ya komisheni. Mtu anaficha nyumba kwa sababu mara kwa mara mwenzake amechukua namba ya mwenye nyumba, akarudi usiku peke yake, akafunga biashara. Hotuba ya undugu haitaponya hilo. Inaponywa na karatasi ndogo ya viziti, yenye jina la mteja, anwani, tarehe na saa, komisionere wa nyumba, komisionere wa mteja, na saini tatu, ijazwe kabla geti halijafunguliwa. Pendekezo langu ni kwamba kamati isisikilize kesi ya komisheni isiyo na karatasi hiyo. Na mgawo ujulikane kabla. Tuchukue nyumba ya dola 200 kwa mwezi, na komisheni ya mwezi mmoja: wa nyumba achukue 90, wa mteja 90, na 20 ziingie sanduku la chama. Mtu wa tatu aliyepitisha namba ya simu tu alipwe na aliyemtuma, kwa makubaliano yao. Msipofunga mlango huo, komisheni moja itakuwa na mikono mitano.

Pesa ya viziti, anayotoa mteja ili aonyeshwe nyumba, inatuharibia jina kuliko kitu kingine. Chama kiweke bei moja, kwa resi (risiti), na irudishwe kama nyumba iliyoonyeshwa haipo sokoni. Atakayekataa kanuni hii anaishi kwa viziti, hafanyi kazi ya komisionere.

Habari za sheria pia ni habari, na zinatupita. Sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za kuishi inasema garanti, pesa ya dhamana anayoweka mpangaji, isizidi miezi 3 ya kodi. Mwenye nyumba akikutuma umtafute wa kulipa miezi sita, mwambie sheria kabla hujamtafuta, maana mpangaji akienda kulalamika jina lako limo kwenye mkataba. Duka halimo katika sheria hiyo. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na mpangaji wa mahali pa biashara aliyefanya kazi pale miaka 2 ana haki ya kuomba mkataba wake uongezwe. Mkataba wake ukiwa na tarehe ya mwisho, ombi linatakiwa miezi 3 kabla haujaisha. Kuandika duka la komuni ya Kenya kwenye fomu ya nyumba ya kulala ni kumwandalia mtu kesi. OHADA hiyohiyo inasema anayekutanisha pande mbili abaki huru kati yao. Someni vifungu hivyo katika mkutano, kimoja kila mwezi, kwa Kiswahili, majina ya karatasi yakibaki ya Kifaransa kama yalivyo kwenye dirisha la ofisi. Wengi wetu tunanyamaza mikutanoni kwa sababu ripoti inasomwa kwa Kifaransa cha ofisi, kisha tunaitwa watu wasiojali.

Na mkutano usiwe Jumamosi. Jumamosi na Jumapili ndipo mteja ana nafasi ya kuona nyumba, kwa hiyo anayekuja kukaa siku hiyo ni asiye na kazi, na yeye ndiye anayepiga kura. Wekeni Jumanne asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Waanze wajumbe wa kartye, dakika tano kila mmoja: parseli zenye ugomvi, karatasi za mashaka, nyumba zilizotoka. Fedha ziwe mwisho. Zikianza, zinakula saa zote.

Mama zetu wa komisheni msiwaweke mapokezi na kupika chai. Wao ndio wanaongea na wake wa wenye nyumba, na habari ya mjane anayefukuzwa na mashemeji inafika kwao kabla ya kwetu. Wawe ndani ya kamati ya nidhamu. Kijana mpya naye apewe mkubwa mmoja wa kutembea naye miezi mitatu, na asaini rejista chini ya jina la mkubwa huyo, ili kosa lake liwe na baba.

Neno moja kwa kamati. Sanduku la chama si likelemba, ule mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, halizunguki mikononi. Sheria ya 20 Julai 2001 juu ya vyama visivyo vya faida inataka kanuni zilizopita kwa notere, na utu wa kisheria unatoka kwa Waziri wa Sheria. Pesa ya kwanza iende huko, ya pili kwenye daftari na usafiri wa anayekwenda kwa konservatere. Kila matumizi yabandikwe ukutani pamoja na resi yake. Mwanachama akiona resi ya daftari alilochangia, mwezi unaofuata hatafuatwa nyumbani.

Kwa mkutano ujao kila mmoja alete parseli tatu alizonazo mkononi, safu zote zimejazwa, akianza na zile ambazo jina la karatasi na jina la muuzaji havilingani. Katibu aje na daftari na kalamu mbili. Zikionekana namba mbili zinazofanana kabla ya saa nne, wahusika wasitoke ukumbini bila kupanga siku ya kwenda pamoja kwa konservatere.

Mzee wenu wa kazi,
Lubumbashi