Maoni yetu yasomwe na mtu

Mhariri,

Siku hizi kwa grupu la chama chetu cha wakaazi hapa Nairobi, mtu akitaka kulalamikia takataka ama mtaro umeziba anaandikiwa barua na akili unde (AI) dakika moja tu, na kusema kweli imesaidia sana wazee wetu ambao Kizungu cha maofisi kilikuwa kinawatisha. Hapo sina neno. Shida yangu ni kaunti nayo ikianza kutumia hizo programu kusoma maoni yetu na kutujibu, nani ataulizwa ikikosea? Jiji la New York liliweka chatiboti yake, yaani programu ya kujibu maswali ya watu, 2023, mwaka uliofuata waandishi wakaipata ikiambia wenye biashara wanaweza kuchukua bakshishi za wafanyakazi, kitu sheria inakataza kabisa! Sisi tuko na Katiba ya 2010 inayotaka umma ushirikishwe, tena Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo yake mazito na mashine peke yake. Vyama vya wakaazi viulize sasa, kabla ya bajeti ijayo, memoranda zetu, yaani maoni tunayopeleka kwa maandishi, zinasomwa na nani, na jina la huyo ofisa libandikwe pale ofisi ya wadi.

Mkaazi, Nairobi