Kamio (lori) kutetemeka ikitoka garaji

Lubumbashi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Jambo sana. Ujumbe wako ulinikuta Alhamisi mpakani Kasumbalesa, nikiwa kwenye foleni, nikausoma mara mbili nimeegemea tairi. Huku wote ni wazima. Mvua zimeanza, makala, yaani mkaa, yamepanda bei, na shemeji yako anasema ukija tena hupikiwi wali, utakula bukari, ugali wetu, kama sisi.

Sasa hilo la lori lako. Umebadilisha springi za mbele na kingpini, zile pini ambazo matairi ya mbele hugeukia, umelipa, umetoka Tunduma, na kabla hujafika Mbeya usukani unakucheza mikononi kama samaki aliye hai. Fundi anasema ni balansi ya matairi. Hamisi, hata mimi niliambiwa balansi. Nililipa mara mbili, na mara ya pili nikatoa na shukrani juu yake.

Yangu yalikuwa hivi. Nilibadilisha malame ya mbele, ndizo springi zenu, kwenye garaji moja ya huku ambayo siitaji. Za zamani zilikuwa zimelala kabisa. Nikapakia unga, nikashika barabara ya Likasi, kilomita kama 120 za lami, kamio imetulia, najisifu peke yangu. Nikagonga kishimo kidogo tu nikiwa kwenye 65 hivi. Volani, ndiyo usukani, ikaanza kushoto kulia, kushoto kulia, mikono haiwezi kuishika, na haikuacha mpaka niliposhuka karibu na 30. Kijana wangu wa kamio alikuwa ameshafungua mlango aruke.

Dalili ilikuwa hapo hapo, na mimi sikuiona. Tetemeko la balansi halingoji shimo. Linakuja ukifika mwendo fulani, tuseme 70, ukipita hapo mara nyingi linapungua, na barabara iwe laini kama meza bado litakuja. Langu lilikuwa limelala mpaka liamshwe, na likiamshwa halilali tena mpaka upunguze mwendo. Hilo ni la kitu kilicholegea, au la ulalo wa kingpini. Likija ukikanyaga breki tu, angalia dramu za breki. Likija ukiwa kwenye 20 au 30, usukani unayumba taratibu kama mlevi, basi rimu imepinda au tairi limeachana ndani. Lako linakujaje? Hukuniandikia, na ndilo la kwanza ninalotaka kujua.

Kama bado unamwamini mtu wa balansi, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele. Ni jasho tu, hakuna hela. Tetemeko likibaki vile vile, matairi hayana kesi. Mimi nilifanya hivyo baada ya kulipa, kama mjinga.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa komini (kata) ya Kenya (ndiyo, tuna Kenya yetu hapa, haihitaji pasipoti). Nilikuja na jeki, akasema iweke chini. Ukiinua gari, viungo vinaning'inia bila uzito na ulegevu unajificha. Akaniambia niwashe injini, nicheze volani kidogo tu, kushoto kulia, matairi yakiwa chini. Yeye akalala chini ya kamio, anashika rotili moja moja kwa mkono. Rotili ndiyo mnayoiita tairodi endi, kile kiungo kwenye ncha za fimbo za usukani. Ya upande wa kulia ilikuwa inaruka kabla tairi halijasogea.

Baada ya hapo ndipo akakubali jeki. Akatia mtaimbo chini ya tairi, anainua na kushusha, tairi likacheza kidogo. Akaniambia nikanyage breki, nishikilie. Mchezo ukaisha. Basi ni beringi za habu, kile kitovu kinachobeba tairi, akasema. Mchezo ungebaki breki ikiwa imekanyagwa, ingekuwa kingpini. Wewe umeweka kingpini mpya, na habu ilifunguliwa ili wazifikie. Ndiyo maana nakwambia uanze pale mikono ya fundi ilipopita.

Lakini kilichonishangaza ni kabari. Kingpini haisimami wima, juu inalala nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli, na ndiyo maana usukani hurudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Ulalo ukiwa mdogo, gari linazurura barabarani kama mbuzi. Ukizidi, usukani unakuwa mzito na matairi yanapiga kwata kila yakigongwa. Malame yangu ya zamani yalipolala, pua ya kamio ilishuka, na fundi fulani wa zamani akaweka kabari kati ya springi na ekseli, upande mnene nyuma, kurudisha ulalo. Malame mapya yakainua pua, na kijana wa garaji kwa uaminifu wake akarudisha kabari zile zile. Ulalo ukazidi. Rotili ilikuwa mbovu tangu zamani, ila hapakuwa na kitu cha kuiamsha. Nilikuwa nimemkasirikia yule kijana wiki tatu nzima.

Tukatoa kabari, tukaweka rotili mpya, tukakaza beringi. Ukibadilisha rotili lazima upime mwelekeo wa matairi upya, na hata bila mashine inawezekana. Inua mbele, zungusha tairi huku umeshikilia msumari katikati ya kashata (meno ya tairi) uchore mstari, fanya na la pili. Shusha, sukuma gari mita chache mbele likae sawa. Halafu pima toka mstari hadi mstari kwa kimo cha habu, mbele ya matairi na nyuma yake. Mbele pawe padogo kwa milimita 2 hivi. Namba kamili iko kwenye kitabu cha lori lako. Kwangu mbele palizidi kwa milimita 6, matairi yanakimbiana.

Yu-bolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zikazwe tena, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ukishatembea kama kilomita 500. Springi mpya hujikalia, nati zinabaki na nafasi. Zangu ziliingia karibu nusu mzunguko. Na kama walikurudishia zile zile za zamani, mimi ningenunua mpya.

Kuvutwa pembeni ni jambo jingine, usilichanganye. Barabara zina mgongo, kwenu mnaoendesha kushoto gari linavuta kushoto, kwetu kulia.

Mpaka ujue, usipakie, na ule mteremko wa kuingia Mbeya usiujaribu. Kesho asubuhi mweke kijana kwenye usukani, wewe ulale chini, sio kinyume chake, halafu nitumie sauti jioni uniambie mkono umegusa nini. Msalimie Mama Zuwena.

Ni mimi,
Ilunga