Mafuta yameganda, hatukutia mshumaa

Kila mwaka baridi ikiingia Lubumbashi, kuanzia mwezi wa sita hivi, chupa zinaanza kurudi dukani kwetu, tunapouza mafuta ya ngozi. Mtu anaweka mafuta yake ya nazi juu ya meza, anapindua kopo, hayamwagiki. "Mlitia mshumaa humu." Juzi mama mmoja alisema hivyo mbele ya wateja wengine, tena kwa sauti, akidai arudishiwe franga zake zote. Nimeona heri niandike, maana kueleza mmoja mmoja kunatuchosha.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mwezi wa kumi, jua likiwa kali, yanashinda yakiwa maji. Mwezi wa saba, asubuhi huku kwetu, joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, sasa yasigande kwa nini? Mafuta ya jojoba pia, chupa ikikaa dirishani usiku wa baridi, yanaweza kuwa mazito, kwa sababu kwa asili yake ni nta iliyo katika hali ya maji. Karite, yaani siagi ya shea, ndiyo usiseme. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu dakika chache, yatayeyuka, na hayajaharibika hata kidogo. Usiyaweke jikoni juu ya makaa. Yule mama alikuwa ameshayapasha kwenye sufuria kabla ya kuja, na harufu ya maharagwe ilikuwa bado imo ndani ya kopo.

Mimi ninayatilia shaka yale yanayouzwa kama nazi safi halafu mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, bado yanachuruzika. Yapo yaliyotengenezwa kiwandani ili yasigande, na si mabaya, lakini hayo lazima chupa iseme hivyo.

Sasa bei, kwa sababu ndipo tunapoitwa wezi. Jojoba yetu, chupa ya mililita 30, ni dola 9. Ninaambiwa kwamba kule Kenya, sokoni, chupa mara mbili ya hiyo ni nusu ya bei. Sawa, sibishi. Mti wa jojoba asili yake ni jangwa la Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani. Argani ni ya Moroko, na huko wanawake bado wanavunja kokwa kwa mkono, jiwe juu ya jiwe. Mzigo unatoka mbali, unapanda barabara hadi mpakani Kasumbalesa, unangoja foleni ya malori, unalipiwa ushuru. Hapa sisi tunauchuja, tunamimina kwenye chupa za kahawia ili mwanga usiyaharibu, tunaandika mwezi tuliofungua pipa. Anayekuuzia argani kwa bei ya alizeti amekuuzia alizeti yenye marashi. Cha ajabu, alizeti yenyewe ni mafuta mazuri kwa uso! Ungeinunua kwa jina lake ungebaki na pesa zako.

Halafu hesabu. Mililita 30 ni kama matone 600. Uso mmoja unataka matone manne au matano kila usiku. Chupa hiyo ni ya miezi minne. Mteja mmoja aliapa kwamba tulimpa chupa isiyojaa kwa sababu iliisha kwa wiki mbili. Nikamwomba anionyeshe anavyojipaka. Akajaza kiganja, kama anayempaka mtoto vazelini, akapita uso, shingo, kifua, akamalizia kwenye viwiko. Mama, kwa viwiko tuna karite, bei nafuu, kopo kubwa.

Namna ya kupaka ni hii. Osha uso, usiukaushe kabisa, uache unyevu. Tia matone kwenye vidole, sugua mikono, kisha bonyeza usoni bila kuvuta ngozi. Mafuta ni kama kifuniko cha sufuria: hayaleti maji, yanazuia yaliyomo yasitoke. Ukipaka juu ya ngozi iliyokauka na vumbi la kiangazi, utang'aa tu huku ndani ngozi inabana vilevile. Na asubuhi hayakukingi na jua, muuzaji akuambie asemavyo.

Kuhusu aina za ngozi, watu wengi wanajidhania. Osha uso kwa sabuni laini, kaa saa moja bila kupaka chochote, kisha bonyeza karatasi ya tishu. Ikitoka na mafuta kila mahali, ngozi yako ni ya mafuta. Ikitoka na mafuta kwenye paji, pua na kidevu tu, ni ya mchanganyiko. Ikitoka kavu na uso unabana, ni kavu. Fanya hivyo mwezi wa saba, kisha rudia mwezi wa kumi na moja mvua zikianza. Majibu yanaweza kubadilika, na mafuta yako nayo yabadilike.

Ngozi kavu inapatana na argani, na wakati wa baridi kali karite kidogo juu yake. Ngozi ya mafuta nayo inaweza kupakwa mafuta, ila mepesi: jojoba, matone mawili au matatu, basi. Nazi usoni kwa mwenye chunusi sipendekezi. Mara nyingi inaziba vinyweleo. Mafuta ya zeituni watu wanayaheshimu mno. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwapaka watu zeituni mkono mmoja na alizeti mkono wa pili kwa wiki nne. Zeituni ilidhoofisha tabaka la juu linaloilinda ngozi, alizeti haikufanya hivyo. Ya zeituni yaacheni kwenye saladi.

Lakini kabla ya kulaumu mafuta ya uso, tazama kichwa. Alikuja binti mmoja anayesuka nywele, ana chunusi ndogondogo, ameshajaribu kila kitu chetu. Nikamkalisha mlangoni penye mwanga. Mashavu safi, kidevu safi, vipele vyote vimejipanga kwenye paji na pembeni, palepale misuko inapoanzia, na ngozi ya hapo inateleza kwa pomadi. Usiku anafunga kitambaa juu yake. Siku hiyo sikumuuzia kitu. Nilimwambia aache pomadi kwenye kingo za nywele na afue kile kitambaa. Aliporudi, paji lilikuwa limetulia, akanunua karite ya miguu.

Linalotuumiza zaidi ni mchanganyiko. Mtu ananunua jojoba kwetu, akifika nyumbani anatia gliserini, anakamulia ndimu, anamalizia na tyubu aliyopewa sokoni "ili itoe madoa haraka". Ndimu kwenye ngozi kisha jua la mchana huunguza na kuacha mabaka meusi ya miezi. Gliserini tupu, bila maji, wakati hewa ni kavu, huvuta maji ya ngozi yako mwenyewe. Na zile tyubu za kung'arisha, nyingi zina dawa kali za hospitali za jamii ya kortizoni, kama klobetasoli, nyingine haidrokwinoni ya kufifisha rangi ya ngozi, nyingine hata zebaki, ambayo ni sumu. Bibi harusi mmoja alifanya hivyo mwezi mmoja kabla ya sherehe. Alipoacha ghafla uso uliwaka, ukajaa vipele, na dada zake wakaja dukani na chupa yetu kama ushahidi. Nilipoifungua ilikuwa nyeupe, na jojoba yetu ni ya manjano. Kwa daktari wa ngozi alilipa mara nyingi zaidi ya dola 9, na bado picha za harusi alipigwa akiwa na poda nzito.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu. Chupa iliyoganda, ilete, tutaiyeyusha mbele yako bure. Chupa ambayo haijafunguliwa tunaibadilisha ndani ya wiki moja. Iliyotiwa kitu kingine haturudishi pesa, hata ukija na dada zako wote. Na ukija kuchagua, njoo bila kupaka kitu usoni, tukujaribishie tone moja nyuma ya sikio, urudi kesho yake kununua kama hapajawasha.